Bomba la Nyumba ya Mfano

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine.

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, simulizi letu tuliliachia jikoni, ndani ya nyumba ya mfano ya kile kijiji cha mapumziko, uwanja wa gofu mbele, ufukwe nyuma. Mkono wangu ulikuwa juu ya bomba la sinki, bomba linalong'aa kama jino la dhahabu. Barazani, dada mkubwa wa mke wangu alikuwa ameshavaa miwani, kalamu mkononi, tayari kuisaini nyumba yake yote iende, apewe moja ya hapa. Mimi nilikuwa nimebanwa na kiu tu. Nikazungusha.

Najua wapo mliobashiri damu, na wapo mliobashiri nyoka. Poleni sana.

Bomba lilikohoa. Likavuta pumzi kama mgonjwa anayetaka kutoa wosia, kisha likatema sisimizi. Watatu. Wakatembea juu ya sinki bila haraka, kama wenye nyumba.

Nikazungusha la maji ya moto. Hilo hata kukohoa halikukohoa.

Sasa nikumbusheni, mimi kazi yangu ni nini? Fundi bomba. Miaka thelathini nimeihudumia hospitali kuu, na hakuna paipu katika jengo lile ambayo haikuwahi kunimwagia jambo usoni. Katika nyumba kama hii nilikuwa nimetumbukiza kiinua mgongo changu chote, na kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekuja kuitazama mara mbili nzima. Nililala juu ya kitanda nikakijaribu kwa mgongo. Nilifungua friji nikaifunga, nikaifungua tena nione kama taa inawaka. Nilikaa kwenye kiti cha ufukweni nikapigwa picha nimekunja nne.

Bomba sikufungua.

Tena nilirudi nyumbani nikajipiga kifua mezani, mbele ya mke na watoto. "Nyumba ile," nikasema, "nimeikagua kifundi."

"Baba, hilo si la kufungua," sauti ikasema nyuma yangu. "Ni la kutazama."

Nikageuka. Alikuwa dada wa usafi, fagio la maji mkono mmoja, ndoo mkono wa pili, na uso wa mtu aliyeyaona haya mara nyingi.

"La kutazama vipi?"

"Kama picha ya ukutani. Ukitaka maji, ndoo hii hapa. Ila usinywe, nimeshafutia sakafu ya choo."

"Choo chenyewe kinafanya kazi?"

"Kimefungwa utepe. Mgeni akibanwa tunampeleka hoteli ya jirani kwa kile kigari cha gofu. Wewe si tulikupeleka?"

Walinipeleka, ndugu zangu. Walinipeleka safari ya kwanza, dereva kavaa glovu nyeupe, na mimi nikadhani ni heshima! Nilirudi nikasimulia mtaa mzima: jamani, kule hata msalani unapelekwa kwa gari.

Nikapiga magoti, nikafungua kabati la chini ya sinki. Paipu ilishuka urefu wa kiganja, ikaishia hapo. Haikuingia ukutani, haikuingia chini. Ilikuwa inaning'inia hewani, na mdomoni imesokomezwa mfuko wa nailoni.

"Na zile nyumba nyingine?" nikauliza nikiwa bado kabatini. Kutoka dirishani zilionekana paa nyekundu kama thelathini, zimejipanga hadi kwenye michongoma.

"Zina kuta na zina paa. Ndani nyasi zinanifika kiunoni. Nyasi za mle ndani ni nzuri kuliko za uwanjani."

"Na wale wanaocheza?"

Nje, wanaume wawili waliovaa kofia walikuwa wanapiga mpira mbele ya baraza, taratibu, kama matajiri wasio na pa kwenda.

"Yule wa kofia nyekundu ni dereva wa lori la maji. Ndiye anayemwagilia hicho kipande mnachokiona. Mwenzake fundi rangi. Wageni wakija wanavaa kofia. Tangu asubuhi wanaupiga mpira uleule, wanaurudisha, wanaupiga tena. Hawajui hata unatakiwa uende wapi."

Upepo ukageuka. Ukaingia jikoni kupitia mlango wa pembeni, na dada wa usafi akaziba pua kwa kiwiko.

Nikaisikia harufu ile. Haikuwa mara ya kwanza. Siku ya kwanza kabisa nilipokanyaga pale niliisikia, nikamwambia mke wangu kwa simu: "Unajua hewa ya bahari ilivyo, chumvi na mwani." Pua yangu ilijua. Pua yangu imesomeshwa miaka thelathini kwa kazi hiyo moja. Niliiambia inyamaze kwa kuwa macho yalikuwa yanafurahi.

"Inatoka wapi?" nikauliza.

"Wewe si ndiye fundi?" akasema. "Ifuate."

Nikatoka mlango wa pembeni.

Hatua arobaini tu kutoka barazani kulikuwa na lile bwawa la gofu, lile ambalo kwenye karatasi zao limechorwa na ndege weupe. Kutoka barazani unaona upande mmoja, maji ya bluu safi. Nikazunguka kwenye matete. Upande wa pili maji yalikuwa ya kijivu, mazito, yanapumua mapovu. Chini ya ukuta wa hoteli ya jirani kulichomoza paipu nene kama paja la mtu mzima, nayo ilikuwa inatiririsha bila aibu. Kando yake kuna pipa la rangi ya bluu, na upawa wa mbao.

Kwenye matete kulikuwa kumenasa makaratasi. Wapo wanaosoma gazeti huku wanakula, kwa hiyo sitasema makaratasi gani. Nitasema tu kwamba vyumba vya hoteli ile asubuhi hiyo vilikuwa vimejaa.

Na ndege mweupe mmoja alikuwepo kweli. Alikuwa wa plastiki.

Nikaziba pua. Mimi, ambaye nimekula chakula changu cha mchana juu ya mfuniko wa shimo la maji machafu nikasaza! Sikuiziba kwa sababu ya uchafu, uchafu ni mwenzangu. Niliiziba nilipokumbuka kwamba wiki tatu zilizopita nilisimama barazani pale, nikavuta hewa ile hadi kitovuni, nikasema "Aah!"

"Mandhari yanapendeza, eh, Fundi?"

Sikuhitaji kugeuka. Kwa waliojiunga leo, huyu ndiye muuzaji. Jina lake lipo kwenye kadi yake, lakini sisi tulimbatiza Bwana Mandhari, kwa kuwa hawezi kusema maneno matatu bila la nne kuwa hilo. Viatu vyeupe, manukato ya kuangusha nzi, na tabasamu lililonyooshwa kwa pasi. Maneno yake ndiyo yaliyonimaliza: "Wewe unalala kwako, mgeni analala kwenye nyumba yako, pesa hazilali."

"Haya ni mavi," nikasema.

"Ni bwawa lililo katika hatua ya awali."

"Bwana, mimi ni fundi."

"Ndiyo maana nataka tuongee kama watu wazima." Akanishika bega. "Umeona ulichokiona. Sawa. Ukienda kupiga kelele, utapata nini? Utapata kelele. Kiinua mgongo chako kitabaki hapa hapa, chini ya hayo matete. Lakini shemeji yako akisaini sasa hivi, kabla ya saa kumi jioni chako chote kiko mkononi mwako. Chote. Utatoka kama ulivyoingia."

"Kutoka wapi? Kwa pesa za nani?"

"Fundi, pesa hazina kabila wala jina. Kazi yako ni moja tu: kaa kimya dakika kumi."

Hapa niwaeleze shemeji yangu ni nani, mpate kunichukia vizuri.

Ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini na mmoja wodi ya wazazi. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi pale hospitali nilipokuwa fundi wa mtaani ninayelipwa kwa ahadi. Yeye ndiye aliyenitambulisha kwa mdogo wake akisema, "Huyu mikono yake michafu lakini moyo wake umeoshwa." Nyumba anayotaka kuisaini aliijenga kwa zamu za usiku, chumba kimoja kimoja, na nyuma kuna vyumba vinne vya wapangaji. Vyumba hivyo ndivyo vinavyomlisha, ndivyo vinavyomnunulia dawa za presha. Hana mtoto. Hana kingine.

Na pale barazani alifika kwa sababu mimi nilimwambia aje.

Sasa niliposikia ahadi ya Bwana Mandhari, nilisema nini? Mnadhani nilimtandika kofi akaangukia bwawani? Ningependa. Mhariri naye angependa.

Nilisema, "Chote?"

"Chote."

Akanyoosha mkono, nami nikaushika. Ulikuwa laini, unyevu, kama kipande cha sabuni kilichosahaulika sinkini. Nimezibua mabomba ya wodi ya kuhara kwa mikono mitupu, glovu zikiwa zimekwisha stoo. Sijawahi kuwa na mkono mchafu kama ule.

Tukatembea pamoja kurudi barazani. Yeye anapiga mluzi. Mimi nahesabu hatua, na kila hatua najipa sababu. Yeye ana nyumba, mimi nina watoto. Atapata wakili. Mkubwa haanguki vibaya. Kumbe mtu akitaka kuwa nyoka, ngozi anaipata njiani.

Barazani palikuwa na meza ya kioo, karatasi zimepangwa kama kadi za arusi, na glasi za juisi zenye vijiti. Shemeji alikuwa amekaa wima, sare ya wodini ilishamnyoosha mgongo maisha yake yote. Mke wangu alikuwa pembeni yake. Hakuwa amegusa juisi. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, kama abiria aliyeambiwa kuna wezi. Nikadhani ni joto.

"Mama yangu," Bwana Mandhari akaanza, "samahani kwa kukuweka. Fundi wetu alikuwa anakagua bwawa. Ameridhika sana na mandhari."

"Kweli, shemeji?" Mkunga akaniangalia juu ya miwani.

"Bwawa nimeliona," nikasema. Huo si uongo. Ni mbaya kuliko uongo, maana umevaa nguo za ukweli.

"Haya. Karatasi hizi ni nyingi na macho yangu ni yale yale mawili. Mimi sijui nyumba. Mimi najua njia, mlango na kitovu." Mke wangu akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Lakini wewe nakujua. Unakumbuka siku maji yalipokatika wodini?"

Nikatazama glasi za juisi.

"Nina mama mezani, damu inakwenda, mikono yangu imejaa, na bomba limekauka. Ukaingia chini ya sakafu kwa tumbo kama mjusi. Tukasikia unagonga, unagonga. Halafu ukapiga kelele kutoka huko chini: 'Dada, fungua!' Nikafungua kwa kiwiko, maji yakaja. Yule mama ana wajukuu sasa." Akaiweka ncha ya kalamu juu ya mstari. "Basi leo nataka neno lile lile tu. Niambie 'fungua', nisaini, nikanywe juisi yangu."

Bwana Mandhari alinitazama, tabasamu limekaa sawa. Mpira wa gofu ukagongwa huko nje: ko!

Dakika kumi za kimya. Nilikuwa nimebakiza kama saba.

"Usifungue," nikasema.

"Unasemaje?"

"Shemeji, usisaini. Bomba halina maji. Halijawahi kuwa na maji, paipu yake inaning'inia hewani kama mkia wa mbuzi. Nyumba zote zile ni mabanda ya nyasi. Na bwawa lile ni choo cha hoteli ya jirani, kimetiwa rangi ya bluu kwa upawa."

Bwana Mandhari akacheka. Kicheko chake kilikuwa tayari, kama mtu aliyekuwa amekiweka mfukoni.

"Mama, si nilikwambia hawa mafundi? Mradi wowote mpya mabomba yanaunganishwa mwisho. Hata mtoto anazaliwa bila meno! Na harufu ni ya bahari. Bahari ina harufu yake."

"Bahari iko upande huu," nikasema, "na harufu inatoka upande ule."

"Upepo unazunguka."

"Na makaratasi ya chooni nayo yanazunguka?"

"Shemeji," Mkunga akasema polepole, kalamu bado iko juu ya mstari, "ulikuja hapa mara mbili."

"Mara mbili."

"Leo ndiyo umeona?"

"Leo ndiyo nimefungua bomba."

Akafumba macho kidogo. Hapo Bwana Mandhari akaona upenyo, akaingia nao mzima mzima. Akachomoa karatasi kutoka kwenye faili lake, akailaza mezani mbele yake kwa vidole viwili.

"Mama yangu, kabla hujamsikiliza, muulize kwanza kwa nini alikuleta. Soma hapo. 'Mleta mteja.' Hiyo ni sahihi ya nani? Alikubaliana nasi: akikuleta wewe, nyumba yake inahamishwa mstari wa kwanza, inayotazama gofu. Leo asubuhi ameomba aongezewe, tumekataa. Ndiyo maana unaona ghafla maji yamekuwa machafu."

Kuongezewa ulikuwa uongo. Mstari wa kwanza ulikuwa kweli.

Mkunga akasoma. Akasoma tena. Kisha akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama waume wanaokuja wodini siku ya tatu wananuka pombe, wakiuliza kama ni wa kiume.

"Sahihi yako?"

"Yangu."

"Mstari wa kwanza."

"Ndiyo, shemeji." Nikaisukuma karatasi ile kando. "Tena si hilo tu. Sasa hivi kule bwawani amenipa mkono. Nikae kimya usaini, halafu anirudishie changu kutoka kwenye chako. Nilikubali. Kutoka kule mpaka hapa nilikuwa nimekubali."

Hata wale wacheza gofu wa bandia walisimama.

"Hatua ngapi?" Mkunga akauliza.

"Arobaini."

"Nimewaona wanaume waliokaa upande huo wa uongo miaka arobaini," akasema. "Tutaongea mimi na wewe. Si leo."

Bwana Mandhari alikuwa ameshajisogeza, ameinama karibu na sikio lake, sauti imekuwa asali.

"Umemsikia kwa kinywa chake, Mama. Ni mtu wa kuaminika huyo? Mtu aliyeishi maisha yake yote chooni, hata ukimpeleka peponi atanusa choo. Wewe ni mtu wa heshima. Umehudumia taifa. Huoni ni zamu yako na wewe kupumzika, penye mandhari? Weka sahihi hapa, mama yangu, tuachane na wenye mikono michafu."

Shemeji akavua miwani. Akaikunja. Akachukua kifuniko cha kalamu, akakibana mpaka kikalia, halafu akaichomeka kalamu ile katika mfuko wa shati la Bwana Mandhari, taratibu, kama anayemwekea mgonjwa kipimajoto.

"Mwanangu," akasema, "mavi nimeyashika kwa mikono hii miaka thelathini na mmoja. Ya wazazi, ya watoto, ya madaktari waliolewa. Lakini leo ndiyo mara ya kwanza yananiomba sahihi."

Akasimama.

Mimi nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka sina haki. Dada wa usafi, aliyekuwa ameegemea mlango wa jikoni na fagio lake, yeye hakujizuia. Alicheka mpaka ndoo ikamwagika.

"Twendeni," Mkunga akasema. "Gari liko wapi? Nikibaki hapa dakika moja nitahitaji kuogeshwa."

Nikaokota mkoba wa shemeji. Nikasema moyoni: basi, kiinua mgongo kimekwenda, lakini nyumba ya shemeji imepona, na ya kwetu ipo. Tutakula mchicha, tutalala kwetu. Hasara ina mipaka.

"Sawa kabisa," Bwana Mandhari akasema nyuma yetu.

Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Tukageuka wote. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha shemeji, kiatu cheupe juu ya goti, anakunywa ile juisi ambayo mke wangu hakuigusa.

"Asiyetaka halazimishwi. Tena hatuna shida, mstari wa kwanza umeshajaa." Akafungua faili tena. Akatoa karatasi moja tu, yenye muhuri. "Tulishakamilisha Jumatatu na mtu wa familia yenu mwenye akili ya haraka. Nyumba ya marehemu baba, hati iko kwa jina la huyo aliyesaini, hakuhitaji kumuuliza mtu."

Nyumba ya marehemu baba. Ni moja tu. Ni ile ninayolala.

Sikumtazama Bwana Mandhari. Nilimtazama mke wangu, na ule mkoba alioukumbatia mapajani tangu asubuhi. Yeye ni fundi nguo, mtu wa kupima kitambaa mara saba kabla ya kukata, na sasa alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye mdomo wa mkoba kilichungulia kipande cha karatasi. Kina muhuri ule ule.

"Mdogo wangu," Mkunga akasema.

"Nilitaka iwe jirani na yako, baba watoto," mke wangu akasema kwa sauti ndogo. "Tukizeeka tuwe na mbili. Nilitaka nikwambie leo, dada akishasaini, tufurahi wote."

Hapo, wasomaji wangu, mtu mwenye busara angekaa chini. Mimi nimewaambia tangu mwanzo siku ile nilikuwa nani.

Nikafoka. Nilifoka mpaka yule wa kofia nyekundu akaacha mpira wake akaja kusikiliza.

"Nyumba ya baba yako! Tunayolala! Watoto wako mle! Umeisaini Jumatatu, leo Jumamosi, siku tano tunalala kitanda kimoja hujasema?"

"Wewe kulipa kiinua mgongo chako chote ulininyamazia wiki ngapi?"

"Usinigeuzie! Mimi nilikuja hapa, niliona kwa macho! Wewe hujafika hata siku moja kabla ya leo! Umesaini karatasi ya nyumba ambayo hujaingia, hujagusa ukuta, hujauliza jirani, hujafungua hata bomba moja!"

Mke wangu akainua kichwa. Macho yake yalikuwa makavu. Akanitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu, kama anayechukua vipimo vya suti ambayo hana nia ya kuishona.

"Wewe si ulisema mezani, mbele ya wanangu, kwamba umeikagua kifundi?" akasema. "Mke wa fundi bomba afungue bomba ili ahakikishe nini? Kwamba ameolewa na mwongo?"